Duma Asiye na Madoa

"Mjomba, ile gramafoni ya babu bado inazunguka?"

Mpwa wangu hakunisalimia hata. Ujumbe wake wa sauti ulianza hivyo hivyo, saa tano usiku, mimi Tanga nimekwisha kushusha chandarua. Yeye yuko Nairobi mwaka wa nne sasa, anatengeneza simu, na katika miaka yote hiyo hajawahi kuniomba kitu cha nyumbani isipokuwa dagaa na achari ya embe. Sasa anataka gramafoni. Nikamuuliza ya nini. Akasema amepata santuri ya Duma, kaletewa na rafiki aliyekwenda Berlin, na kwa muda wa miezi sita ameitundika ukutani kama picha ya harusi kwa sababu hana pa kuipigia.

Mimi niliposikia Duma nikamwona yule mnyama: mbio, madoa, machozi meusi usoni. Kumbe siye. Hawa ni vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja anayejiita Lord Spikeheart na Sam Karugu, na jina lao wamelitoa kwenye Kikuyu, ambako nduma ni giza. Na ukienda sokoni huko huko Nairobi ukaomba nduma, utapewa magimbi ya kuchemsha na chai. Kwa hiyo mtu akikutajia bendi hii, sikio lako likiwa la Kiswahili utamwona mnyama, likiwa la Kikuyu utaona usiku umeingia, na ukiwa na njaa utatafuta chumvi.

Nilikuwa na likizo ya siku tisa na sababu nyingine sikuwa nayo. Nikaifunga gramafoni kwa kanga mbili na shuka, nikaongeza santuri tatu za marehemu baba, nikapanda basi la Mombasa.

Pale mpakani Horohoro ofisa mmoja alinyanyua pindo la kanga kwa ncha ya kalamu.

"Hii nini?"

"Gramafoni."

"Ya biashara?"

"Ya marehemu baba."

Akafungua kifuniko, akaigusa sahani kwa kidole, ikazunguka nusu mzunguko ikasimama. "Inapiga nini?"

"Taarab."

"Na huko unakoipeleka?"

Nilifikiri kidogo. "Makelele," nikasema. Akacheka, akanionyesha dirisha la muhuri.

Nilimjibu hivyo kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuisikiliza albamu yenyewe kwenye simu, dakika mbili tu, nikaizima. Lakini jibu lile lilinisumbua njia nzima hadi Likoni, maana nilimkumbuka baba. Baba aliinunua ile mashine miaka ya sabini, wakati Tanga ikiwaka kwa vikundi vya Black Star na Lucky Star. Wazee waliozoea taarab ya Unguja, ya fidla na kanuni na udi, waliwashangaa vijana wa Tanga walioingiza gitaa la umeme na besi, wakaazima mwendo wa muziki wa dansi, kisha wakamweka mwimbaji Shakila mbele. Kulikuwa na waliosema ile si taarab, ni vurugu. Baba hakuwa na habari nao. Sikumsikia hata siku moja akisema kwamba amenunua muziki wa kuchanganya. Alisema amenunua taarab, akafungua dirisha ili majirani nao wapate.

Stesheni ya treni ya Miritini mabegi hupangwa mstari chini, abiria wakasimama pembeni, mbwa akapita akinusa. Kwenye gramafoni alikaa muda mrefu kuliko kwenye mabegi yote. Askari akanitazama. Nikamwambia ukweli, kwamba mle ndani kuna mende waliokufa tangu awamu ya pili. Akamvuta mbwa wake.

Ndani ya treni nikavaa hedifoni nikaanza tena. Albamu inaitwa Duma vilevile, nyimbo tisa, ilitoka Agosti 2020. Wimbo wa kwanza una jina la malaika na mashimo yasiyo na mwisho, na shimo ndilo nililoingia. Ngoma zinakwenda kwa kasi ambayo hakuna mkono wa mtu unaoweza kuifikia. Ni mashine inayopiga, na mashine yenyewe inaonekana ina homa. Gitaa la Karugu hulisikii kama gitaa, unasikia fundi wa mageti anayekata chuma, cheche zikiruka. Juu yake sauti ya Khanja inapanda kutoka kooni, mara kama mtu anayepigana na jini, mara kama jini lenyewe. Maneno siyasikii. Niliizima kabla hatujafika Mariakani. Nilijaribu tena Voi, nikafika wimbo unaoitwa Pembe 666, na hapo angalau nikapata neno la kwetu la kushika. Nje kulikuwa na vumbi jekundu la Tsavo na ndovu wawili wenye rangi ya matofali. Mwanamke aliyekaa mbele yangu aliona uso wangu akaniuliza kama tumbo linanisumbua.

Mpwa wangu alinipokea Syokimau akiwa amevaa fulana ya waridi yenye mawingu. Nikadhani ni ya hospitali ya watoto. Akanisomesha palepale, hata begi hajalishika. Fulana ni ya albamu ya Turnstile, bendi ya hardcore punk ya Baltimore, Marekani, iitwayo Glow On, ya mwaka 2021. Ndani yake kuna hardcore, kuna ngoma za mkono, kuna nyimbo laini alizoshirikishwa Dev Hynes ambaye ni mtu wa soul, na bado nyimbo zake zilifika hadi kwenye orodha ya zinazowania Grammy. "Hiyo ndiyo iliyonifungulia mlango, Mjomba. Lakini nyumba yenyewe nilikuta ni ya hapa hapa."

Nilipenda alivyosema. Halafu akaharibu kwa kuniongezea historia nzima ndani ya matatu. Hardcore punk, kwa maelezo yake, ni punk iliyokonda na kuongeza mbio, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Bad Brains wa Washington walikuwa watu weusi waliotoka kwenye jazz, wakawa Marasta, wakapiga nyimbo za kasi kuliko wote halafu katikati wakapachika rege tulivu kabisa. Albamu yao ya 1982 ilitoka kwa kaseti tu. Kisha Waingereza wa Birmingham, Napalm Death, mwaka 1987 wakaifunga hardcore na metali pamoja wakazidisha mwendo hadi ikazaliwa graindikoo, na katika albamu yao ya Scum wakaweka wimbo wa sekunde moja na kitu. Nikamuuliza mtu anaupendaje wimbo ambao ukipiga chafya umekupita. "Unaurudia," akasema.

Duma ni wajukuu wa ukoo huo. Lakini wao wakaipeleka graindikoo Kampala.

Hilo ndilo lililonivutia kuliko yote. Khanja na Karugu walitokea kwenye bendi za metali za Nairobi, wana ambao kwa miaka walipiga kwenye mabaa ya nyuma ya mabaa mengine. Mwaka 2019 wakaenda Uganda, kwenye studio ya watu wa Nyege Nyege. Jina hilo, ndiyo, najua. Kila Mswahili akilisikia mara ya kwanza hutazama huku na huku kama kuna watoto. Kwa Kiganda ni ile hamu ya ghafla ya kucheza inayompanda mtu asiweze kujizuia, na ninavyoona mimi maana hizo mbili zimepishana chumba tu, nyumba ni moja. Tamasha lao lilianza 2015 karibu na Jinja, mto Nile ukipita pembeni, na mwaka 2018 waziri wa maadili wa Uganda alilipiga marufuku kisha likaruhusiwa. Kampuni yao ya muziki, Nyege Nyege Tapes, ilikuwa imekwisha kuitoa singeli ya Dar duniani. Watu wanaosikia singeli na kusema "haina kasi ya kutosha" ndio waliowafungulia mlango Duma. Baada ya miezi ya kazi vijana wakatoka na kitu ambacho ngoma zake ni za kompyuta, kasi yake ya klabu, gitaa lake la metali, na hasira zake za hardcore.

Basi tulilopanda kwenda Rongai, anakoishi mpwa wangu, lilikuwa nganya, yaani matatu lililochorwa kila inchi, taa za zambarau hadi chini ya viti. Gramafoni niliipakata. Besi ilikuwa ikipita kwenye sakafu, ikapanda miguuni, ikaingia kwenye mbao za baba, na mimi nikaisikia sindano ikigongagonga ndani ya kifuniko kama kifaranga kwenye yai. Kondakta alipiga bati la ubavu mara mbili kusimamisha, mara moja kuondoka, na hata alipolipiga bila sababu alilipiga kwa mahadhi.

Usiku ule tulipofungua kanga, mpira unaozungusha sahani ulikuwa umekatika.

Mpwa wangu hakusema kitu. Aliiteremsha santuri ukutani, akaitoa kwenye jalada kwa viganja viwili kama anatoa chapati isiyotaka kukatika, akaiweka juu ya sahani iliyokufa. Akaizungusha kwa kidole. Tulisogeza masikio. Bila umeme sindano hutoa sauti ndogo sana, ya mdudu, na mdudu huyo alikuwa anapiga kelele. Tulikaa hivyo dakika kumi, yeye akizungusha, kasi ikipanda na kushuka, mimi mwalimu mzima wa sekondari na yeye fundi simu tumeinama juu ya kisanduku.

Jumamosi akanipeleka kwenye muziki wa moja kwa moja, bendi tatu za vijana, ghorofa ya pili ya baa moja upande wa Ngong Road. Duma wenyewe hawakuwapo. Khanja siku hizi anasafiri peke yake kama Lord Spikeheart. Mwaka 2024 alitoa albamu yake, The Adept, kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, mwanamke pekee aliyepata cheo cha Field Marshal katika Mau Mau, aliyefariki 2023, ambaye humtaja kuwa bibi mkuu wa ukoo wake. Lakini wapenzi wao walikuwapo. Fulana nyeusi tupu, na kifuani maandishi yaliyosukana kama mizizi ya mkoko, hakuna jina hata moja nililoweza kulisoma. Nilikuwa mtu wa pekee mwenye shati la vifungo. Kijana mmoja mrefu akanishika bega kwa adabu: "Mzee, simama hapo kwa ukuta. Hapa katikati ni mosh."

"Moshi wa nini?"

Akacheka hadi akaegemea nguzo. Mosh ni lile duara wanamosukumana. Bendi ikipandisha, watu wanafungua uwazi katikati kama wanavyofungua watu wa mdundiko anapoingia mchezaji hodari, kisha wote wanajitupa humo, mabega, viwiko, vichwa. Kwa mtu wa ukutani ni ugomvi. Dakika tano ukitazama unaanza kuona utaratibu. Aliyeanguka hafiki kuhesabu mbili, mikono minne imemwinua. Msichana mdogo alipoingia, hakuna aliyempisha wala aliyemlenga. Halafu kijana mwenye miwani akaidondosha. Akainua mkono juu, akapiga kelele neno moja tu, "Miwani!" na ule umati uliokuwa ukivunjana ukasimama. Bendi iliendelea. Watu kama thelathini waliwasha tochi za simu, wakachuchumaa, jasho likiwatiririka, wakatafuta kwa upole kama wanatafuta hereni ya bibi harusi. Ilipatikana chini ya spika, mguu mmoja umepinda. Mwenyewe akaivaa hivyo hivyo, ya upande. Wakarudi kuvunjana.

Kati ya bendi ya pili na ya tatu fundi mitambo aliweka albamu ya Duma kutoka kwenye kompyuta yake. Waliitambua kwa sauti ambayo mimi ningedhani ni spika imekufa. Ukumbi uliinuka. Bendi zilizokuwa jukwaani hazikupata kelele zile. Kijana wa miwani alikuwa amefumba macho, anatingisha kichwa taratibu mno, nusu ya kasi ya ngoma, kama mtu anayeitikia dhikri. Mpwa wangu, ambaye harusini hukaa na simu pembeni ya jenereta, alikuwa ameruka juu ya meza.

Nilitoka nje kupumua. Kwenye ngazi alikaa mwanamke wa makamo ya chini, muuguzi, kesho yake ana zamu ya mchana. Aliponiuliza nimeionaje, nikasema kile nilichokuwa nimesoma: kwamba wakosoaji wa Ulaya wanasifu jinsi Duma walivyochanganya vitu visivyochanganyika.

"Wanasema hivyo," alisema. "Mimi sisikii ikiwa imechanganywa."

"Unasikia nini?"

"Ukitoka zamu ya usiku, saa kumi na moja asubuhi, nenda stejini. Huku kuna kesha la kanisa, pasta ashapoteza sauti, anakohoa tu kwa maiki. Huku jenereta. Huku makanga wanaitana. Nganya imefungua muziki yote. Na wewe kichwani bado unasikia ile mashine ya wodini, ti, ti, ti." Akavuta soda yake. "Hakuna mtu amekuja kuchanganya hapo. Ndio kwetu."

Nilitaka kumbishia na bado nabisha. Kusikia kelele si kazi. Kazi ni kuipanga, na wale vijana hawakuweka kinasa sauti dirishani wakaenda kulala. Walikaa Kampala wakachagua kila mlio. Ukiwaambia kwamba wameandika tu yaliyopo mtaani umewanyang'anya nusu ya ufundi wao. Lakini sikumwambia, maana yeye alikuwa anaeleza kupenda, na mimi nilikuwa nasahihisha insha.

Jumapili alasiri tukabeba gramafoni hadi Kenyatta Market, kutafuta mpira. Soko lile lina nyama choma, lina wasusi wanaokuvuta mkono hata ukiwa na upara, na lina kibanda cha santuri: rumba ya Kongo, benga, dansi, mafungu hadi darini. Walifuatana nasi watu wanne wa jana usiku, akiwamo kijana wa miwani, ambayo sasa ilikuwa na gundi. Muuzaji aliitazama mashine ya baba kwa heshima. Mpira wa namna ile hana, lakini mashine anazo, akituonyesha yake. Mpwa wangu akamkabidhi santuri. Nilimwona anavyosita kuiachia.

Sindano ikashuka. Muuzaji aliruka, akainyanyua.

"Hii ni ya spidi gani?"

Akabadilisha kidude, akajaribu ile nyingine. Ikawa kama mtu anayeota vibaya chini ya maji. Akairudisha ya kwanza. Akainama, akaitazama sindano kwa jicho moja, akaipuliza. "Santuri yenu imeharibika," alisema kwa masikitiko ya kweli.

Mpwa wangu akatoa simu, akaiweka sikioni mwa muuzaji, upande wa pili santuri ikiendelea. Mzee akasikiliza huku na huku. Ni ileile. Aliacha. Kibanda kile ni kidogo, sauti ilikuwa inatoka kwenye mbao nzuri za zamani, besi yake nzito kuliko ya simu na kuliko ya baa, na kwa mara ya kwanza nikasikia kwamba chini ya ule msumeno kuna ngoma nyingine, ya chini, inayotembea polepole. Siku zote ilikuwapo. Vijana walikuwa wamesimama kimya, mikono mfukoni. Hakuna aliyetingisha kichwa. Kijana wa miwani aliweka kiganja juu ya kona ya spika akakiacha hapo.

Mama wa kibanda cha nyama akaja na kisu mkononi kuona kuna nini. Akasikiliza hadi mwisho wa wimbo. "Ni kanisa gani hilo?" akauliza.

Hatukujibu. Muuzaji alipogeuza upande wa pili aliuliza bei, mara moja, kwa sauti ya mtu asiyejali. Mpwa wangu akasema haiuzwi. Akauliza tena baadaye kidogo, na safari hii alikuwa amevua kofia.

Kabla hatujaondoka muuzaji alipiga moja ya santuri za baba, ya Black Star. Aliijua, akaimba kiitikio akikosea maneno. Kijana mrefu wa jana, yule wa "moshi", akasogea kulisoma jina. "Hili gitaa ni chafu, manze," alisema, na kwa lugha yao hiyo ilikuwa sifa kubwa. Akaomba irudiwe. Ikarudiwa mara tatu, wale wasusi wakaja.

Tulirudi Rongai jioni, nganya nyingine, taa za kijani. Mpwa wangu alikaa dirishani, santuri mapajani, mikono miwili juu yake kila gari lilipoingia shimoni. Gramafoni niliiweka kwenye kiti kilichokuwa wazi kati yetu. Kondakta alipofika kwetu alihesabu kwa kidole: wewe, wewe, na hicho.

"Hiki ni mzigo," nikasema.

"Imekalia kiti, mzee. Inalipa."

Nikamlipia nauli yake kamili.